Mjadala: Nyumba ya dola 300,000 Antigua, unanunua makazi au pasipoti?

Mvita_Kuu (mleta mada)

Wadau, matangazo ya nyumba za visiwa vya Karibea yamefika Nairobi, Kampala, Dar, na zaidi Dubai ambako mawakala wengi wana ofisi. Ahadi ni ile ile: weka fedha kwenye nyumba, upate uraia wa pili wewe na familia. Visiwa vya mashariki vyenye mpango huo ni vitano. Saint Kitts na Nevis ndio waliotangulia, 1984, Dominica wakafuata 1993, kisha Antigua na Barbuda, Grenada na Saint Lucia katika muongo wa 2010. Naomba tujadili mawili kwa pamoja: mnunuzi anapata anacholipia? Na visiwa vyenyewe vinatenda haki kuuza?

Nauweka msimamo wangu mapema. Napinga mtu kununua nyumba kwa ajili ya pasipoti, na sababu ni ya hesabu. Pale Antigua, tangu bei zilipopandishwa katikati ya 2024, unaweza kutoa mchango wa dola 230,000 kwenye mfuko wa maendeleo wa taifa, na fedha hizo hazirudi. Au ununue kwenye mradi ulioidhinishwa kwa dola 300,000 na usiuze kabla ya miaka 5. Tofauti ni dola 70,000. Maana yake, mtu aliyekuwa tayari kutoa 230,000 bila kurudishiwa chochote haumii zaidi hata kama nyumba ile thamani yake sokoni ni 70,000 tu. Mwenye mradi anaijua hesabu hiyo kuliko mnunuzi, na bei anaipanga kwa kuifuata. Ndiyo maana mara nyingi unachouziwa si nyumba ya kuingia na familia yako, ni chumba cha hoteli au hisa ndani ya chumba, na wiki za kukaa mwenyewe zimehesabiwa kwenye mkataba.

Anayetaka makazi anunue makazi kwa bei ya soko. Anayetaka pasipoti ajue anatoa mchango, asijidanganye kwamba amewekeza. Nakaribisha hoja.

Hati_Miliki

Naunga mkono kuvitenganisha. Nieleze njia ya yule anayenunua nyumba ya kawaida, nje ya mpango wa uraia, maana ndiko watu wanakoumia kwa kutojua.

Mkenya ataiona Antigua kama kitu anachokijua. Sheria yao ya ardhi iliyosajiliwa ya 1975 ilichukua mfano wa sheria ya Kenya ya 1963, ile ya Sura ya 300. Daftari lina sehemu tatu vilevile: kipande cha ardhi, mmiliki, na mizigo iliyo juu yake, yaani rehani, njia za wapitaji na zuio la mahakama. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni upekuzi wa daftari kwa namba ya bloku na kipande, unaofanywa na wakili wako. Asiwe wakili wa muuzaji wala aliyeletwa na wakala. Na kama Kenya, yapo maslahi yanayokubana hata kama hayakuandikwa, mfano haki ya mtu anayekaa pale. Upekuzi wa karatasi bila mtu kwenda kugonga mlango na kuuliza nani anaishi humo ni nusu ya kazi.

Grenada ni tofauti. Kule ardhi inafuatiliwa kwa mnyororo wa hati, muuzaji hadi muuzaji, miongo kadhaa nyuma. Hati moja ikikosekana katikati, umenunua kesi. Saint Lucia nako kuna ardhi ya ukoo: kipande kimesajiliwa kwa jina la warithi wa marehemu fulani, na warithi wenyewe wametawanyika London, New York na Martinique. Binamu mmoja akikuuzia, amekuuzia sehemu yake tu. Wanaojua mashamba ya ukoo Pwani wataelewa haraka.

Baada ya upekuzi mnasaini mkataba na unaweka amana ya asilimia 10 kwenye akaunti ya wateja ya wakili. Usiiweke mkononi mwa muuzaji. Kisha mgeni anaomba leseni ya kumiliki ardhi. Utatakiwa cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa, barua ya benki na nakala za pasipoti, na jibu huchukua miezi. Mkataba useme wazi kwamba leseni ikinyimwa amana inarudi yote. Ukihamisha ardhi bila leseni, sheria inaruhusu serikali kuitaifisha. Wapo wanaojificha nyuma ya jina la rafiki mwenyeji ili wakwepe leseni. Hao hawana cha kumwambia hakimu siku rafiki akigeuka.

Sasa gharama, kwa nyumba ya 300,000 Antigua. Leseni ni asilimia 5, yaani 15,000. Ushuru wa stempu kwa mnunuzi asilimia 2.5, yaani 7,500. Wakili tuseme asilimia 1.5, 4,500. Umeshafika 327,000. Siku ya kuuza, muuzaji analipa stempu ya asilimia 7.5, na tukadirie wakala achukue 5. Ili urudishe 327,000 zako lazima uiuze karibu 374,000. Thamani ipande kwa robo hivi kabla hujaona faida. Anayekwambia utauza baada ya miaka miwili kwa faida hajakuonyesha ukurasa wa kodi.

Kisiwani_Kwetu

Wakili umesema kweli tupu kuhusu gharama. Ila naona mada imeanza kwa kuvihukumu visiwa, nami nitavitetea, maana hoja yao ni nzito.

Saint Kitts ilifunga kiwanda chake cha sukari 2005, baada ya karne zaidi ya tatu za miwa. Dominica na Saint Lucia walitegemea ndizi zilizouzwa Ulaya kwa upendeleo, mpaka 1997 Shirika la Biashara Duniani lilipoamua upendeleo ule hauruhusiwi. Ni nchi ndogo mno: Dominica ina watu kama 70,000, chini ya kata mbili kubwa za Dar. Hawana mafuta, hawana madini ya maana. Septemba 2017 Kimbunga Maria kiliwapiga Dominica, hasara ikakadiriwa asilimia 226 ya pato lao la mwaka. Nyumba mpya za zege walizojengewa waliokosa makazi zililipiwa kwa sehemu kubwa na fedha za uraia. Nani mwingine angewalipia? Mikopo? Nchi ya aina hiyo inauza ilichonacho, na jina la nchi ni miongoni mwa ilivyonavyo.

Kwa mnunuzi, sababu za kuhamia zipo na si ndoto. Kiingereza ndicho lugha ya serikali na shule. Mahakama kwa sehemu kubwa zinafuata sheria yenye asili ya Uingereza tunayoijua Kenya na Tanzania. Dola ya Karibea Mashariki imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani tangu 1976, kwa hiyo akiba haiyeyuki kwa kushuka kwa fedha. Antigua waliondoa kodi ya mapato ya mtu binafsi 2016, Saint Kitts hawana. Linganisha na kwetu: Kenya mgeni anapewa ardhi kwa mkataba usiozidi miaka 99 kwa Katiba ya 2010, Tanzania bara mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Kule unapata umiliki usio na kikomo.

Mvita_Kuu (mleta mada)

Mkuu Kisiwani, hoja ya uhitaji naikubali. Lakini ona kilichowapata kwa kuuza bila kiasi. Visiwa vilishindana kushusha bei, na wajenzi wakawa wanapokea chini ya kiwango cha sheria kwa siri. Machi 2024 nchi nne zikalazimika kusaini makubaliano ya bei ya chini ya dola 200,000, Saint Lucia ikajiunga baadaye. Wakati huohuo thamani ya pasipoti yenyewe inapungua mkononi mwa mwenye nayo. Canada iliwawekea viza Saint Kitts 2014 na Antigua 2017. Uingereza ikawawekea Dominica Julai 2023. Umoja wa Ulaya 2025 umepitisha utaratibu mpya unaofanya uuzaji wa uraia kuwa sababu ya kusitisha safari bila viza. Desemba 2025 Marekani ikaziweka Antigua na Barbuda pamoja na Dominica kwenye vizuizi vya viza, ikataja waziwazi uraia unaotolewa bila mtu kuishi nchini. Tanzania iko kwenye tangazo hilohilo.

Kitabu cha kusafiria ambacho mataifa mengine yanaweza kukipunguzia nguvu bila kukuuliza hakistahili kufungwa na nyumba ya miaka 5.

Kisiwani_Kwetu

Ndiyo maana mfumo unakazwa. Tangu 2023 walikubaliana na Marekani mambo sita, pamoja na mahojiano ya lazima kwa kila mwombaji na kupeana taarifa za waliokataliwa ili asikimbilie kisiwa jirani. Wanaunda pia mamlaka moja ya kusimamia nchi zote tano, na rasimu yake ilileta wazo la mtu kuishi siku 30 ndani ya miaka 5, badala ya siku 5 zinazotakiwa na Antigua. Mimi naona siku 30 bado ni chache, lakini mwelekeo ni sahihi.

Fundi_Ringibimu

Mmeongea hati na pasipoti, nyumba yenyewe hakuna aliyeigusa. Karibea, nyumba huhukumiwa na paa.

Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Daraja la 5 ni upepo unaoendelea wa kilomita 252 kwa saa kwenda juu. Kimbunga Ivan 2004 kiliharibu karibu nyumba 9 kati ya 10 Grenada. Beryl ilipita Carriacou, kisiwa kidogo cha Grenada, tarehe 1 Julai 2024, mwanzoni mwa msimu, watu hawajajiandaa. Melissa ikaipiga Jamaica tarehe 28 Oktoba 2025 ikiwa daraja la 5.

Upepo haulisukumi paa tu, unalivuta juu. Nguvu ya kuvuta ni kubwa zaidi kwenye kingo na kwenye mgongo wa paa. Kwa hiyo ukienda kukagua, panda darini na tochi. Angalia kenchi zimefungwa kwenye ringi bimu, yaani boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta, kwa mikanda ya chuma au zimepigwa misumari ya pembeni tu. Misumari pekee inachomoka. Bati liwe limefungwa kwa skrubu, siyo misumari, na nafasi kati ya skrubu ziwe ndogo zaidi kwenye kingo. Geji 24 inavumilia, geji 28 tuliyoizoea huku, iliyo nyembamba zaidi, inachanika kwenye kichwa cha skrubu. Paa la pande nne lenye mwinuko wa digrii 25 hadi 30 hukaa vizuri kuliko la pande mbili. Bati lisitokeze nje ya ukuta zaidi ya sentimita 45. Baraza iwe na paa lake lililotengana na la nyumba, ili likiondoka lising'oe lile kubwa. Madirisha yawe na vibao vya kuzuia upepo vinavyofungika kutoka ndani, kwa sababu dirisha moja likipasuka upepo huingia na kulisukuma paa kutoka chini, na hapo nyumba imekwisha.

Angalia na nondo. Zege lenye mchanga wa pwani usiooshwa hulisha nondo chumvi, na baada ya miaka 10 utaona mistari ya kutu kwenye nguzo. Ukiiona, punguza bei au ondoka.

Upande wa Atlantiki una jambo jingine tangu 2011: mwani wa kahawia unaoletwa na bahari kwa marundo. Ukioza hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, inayokula shaba za viyoyozi na friji. Nyumba ya upande huo huwa rahisi kwa sababu hiyo. Antigua nayo haina mito ya maana, inategemea mitambo ya kuondoa chumvi baharini, kwa hiyo tangi la maji ya mvua chini ya nyumba ni sehemu ya nyumba. Pima ujazo wake na uulize lilisafishwa lini. Umeme visiwa vingi unatoka kwenye mafuta, na uniti moja mara nyingi huzidi senti 30 za dola ya Marekani.

Bima sasa. Ada ya mwaka huzunguka asilimia 1 ya gharama ya kujenga upya, na hupanda kila baada ya kimbunga kikubwa. Soma vifungu viwili. Cha kwanza, kiwango unachobeba mwenyewe: kwa vimbunga kawaida ni asilimia 2 ya thamani uliyokatia bima, siyo ya hasara. Umekata 300,000, basi 6,000 za mwanzo ni zako. Cha pili kinaumiza zaidi. Ukikata bima ya 300,000 wakati kuijenga upya ni 400,000, kampuni inahesabu umejibebea robo ya hatari. Hasara ya 100,000 inakuwa 75,000, toa 6,000, unalipwa 69,000. Watu wengi hukata bima kwa bei waliyonunulia. Kata kwa gharama ya ujenzi wa leo, iliyokadiriwa na mkadiriaji majengo.

Mwana_Ardhi

Fundi, ahsante. Mimi nina swali la haki ambalo halijajibiwa, na jina lake ni Barbuda.

Barbuda ni kisiwa dada cha Antigua. Familia ya Codrington ilikikodi kutoka kwa Taji la Uingereza kuanzia 1685 hadi 1870. Watumwa walipoachiwa huru 1834, hawakugawana viwanja. Waliendelea kuitumia ardhi kwa pamoja, kulima, kuchunga na kuwinda, na hilo likaandikwa kwenye sheria ya ardhi ya Barbuda ya 2007: ardhi ni ya Wabarbuda wote, haiuzwi, na mradi mkubwa lazima upate ridhaa yao. Usiku wa kuamkia 6 Septemba 2017 Kimbunga Irma kilikipiga kisiwa kikiwa daraja la 5. Watu wote wakahamishiwa Antigua. Miezi michache baadaye serikali ikabadilisha sheria ili ardhi igawiwe kwa umiliki binafsi, na wenyeji wakaambiwa watanunua viwanja vyao kwa dola moja. Ujenzi wa uwanja wa ndege ulianza kabla watu hawajarudi kwenye nyumba zao, na makazi ya kifahari ya matajiri wa nje yakainuka ufukweni.

Wakaenda mahakamani. Mwaka 2022 Baraza la Faragha la London, ambalo ndilo mahakama yao ya mwisho, likaamua kwamba sheria ile ya pamoja haikuwapa haki ya mali inayolindwa na Katiba. Februari 2024 baraza hilohilo likawapa ushindi wa aina nyingine: wenyeji wawili wana haki ya kukipinga kibali cha uwanja wa ndege mbele ya mahakama. Kesi ya pili ni muhimu kwa mnunuzi pia. Inamaanisha kibali cha mradi unaouziwa kinaweza kupingwa na jirani yeyote anayeathirika.

Ndugu Kisiwani ametaja umiliki usio na kikomo kama sifa. Kwa Mbarbuda huo ndio msumari. Mtu mwenye dola milioni na mtu mwenye kiwanja cha dola moja wakiingia soko moja, tunajua nani atabaki ufukweni. Nasema kwa uchungu kwa sababu watu wa Nungwi, Lamu na Kilifi wanaielewa hali hii bila tafsiri: ardhi ya wazee, karatasi haipo, kisha mwekezaji anakuja na karatasi.

Kisiwani_Kwetu

Mwana_Ardhi, kwenye Barbuda sikupingi. Kubadilisha sheria ya ardhi wakati wenye ardhi wako kwenye kambi za dhoruba hakukuwa haki, na sitafuti maneno ya kutetea jambo hilo. Ila usiiweke Barbuda na nyumba ya Grand Anse kule Grenada au ya Basseterre kule Saint Kitts kapu moja. Zile zina mmiliki mmoja anayeuza kwa hiari yake.

Dada_Tanga

Jambo moja linapitwa haraka, na kwa Mtanzania ndilo la kwanza. Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Ukila kiapo cha Antigua umeacha uraia wako, na ukishaacha, unaingia kwenye kundi lilelile la wageni wasiopewa ardhi ila kwa uwekezaji. Nyumba ya Antigua inaweza kukugharimu shamba la Muheza. Mabadiliko ya sheria ya 2025 yameleta hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje, lakini hadhi si uraia. Wakongo nao wako hivyo hivyo, Katiba yao ya 2006 inasema uraia ni mmoja na wa pekee.

Mkenya anaruhusiwa tangu 2010, ila lazima atoe taarifa ndani ya miezi 3, na afisa wa serikali mwenye wadhifa wa kikatiba haruhusiwi kuwa nao.

Kununua nyumba bila kuomba uraia hakumgusi mtu yeyote kati ya hao. Ningemshauri mwenye nia ya kuhamia aanze kwa kupanga nyumba. Barbados wana kibali cha mwaka mmoja kwa wanaofanya kazi kwa mtandao, kilichoanza 2020: kipato cha dola 50,000 kwa mwaka, ada 2,000 kwa mmoja au 3,000 kwa familia. Akae humo Agosti hadi Oktoba, miezi ya joto na dhoruba, siyo Januari ambapo kila kisiwa kinapendeza. Apime umbali wa hospitali. Visiwa vidogo humpeleka mgonjwa mahututi nje kwa ndege, na gharama hiyo inahitaji bima yake.

Mkaazi_Muscat

Assalaam alaykum. Swali kwa wakili Hati_Miliki. Mtu akinunua na mkewe, kisha akafariki, mali ile itagawanywa kwa mirathi ya Kiislamu au kwa sheria ya kule?

Hati_Miliki

Waalaykum salaam, sheikh. Ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo, na mahakama ya kule haitagawa kwa faraidh yenyewe. Kuna mambo mawili ya kuamua kabla ya kusaini. Wakili atakuuliza mnaandikishwa kwa umiliki wa pamoja usiogawika au kwa hisa. Ukichagua wa kwanza, siku mmoja akifa mwenzake anachukua nyumba yote moja kwa moja, nje ya mirathi, hata kama kuna wosia. Wengi husaini huo kwa sababu ndio ulio tayari kwenye fomu za wanandoa. Anayetaka watoto na wazazi wapate mafungu yao aandikishe kwa hisa zilizotajwa, kisha aandike wosia wa mali ya kisiwa hicho peke yake, wenye mafungu yaliyohesabiwa, mashahidi wawili wasio warithi, na msimamizi mmoja anayeweza kufika kule.

Wosia huo wa pili usiwe na sentensi inayofuta wosia wote uliotangulia. Sentensi hiyo huwekwa kwa mazoea, na ikiachwa humo inafuta na ule wa Muscat au wa Mombasa.